Nukta Kwenye Kalenda

Tukuyu, mwezi wa Mei, nguo hazikauki.
Nilikuwa naweka nukta kwa kalamu nyekundu
kwenye kalenda ya ushirika wa chai,
moja kwa kila usiku Anyosisye alionipa mgongo,
na Mei ikajaa kama uso wa mtoto mwenye surua.

Hili huwezi kulipeleka kwa mashangazi.
Siku ya kufundwa waliniambia
mwanamume ni moto, kazi yako kupunguza kuni.
Hakuna aliyesema nifanye nini
kuni zikiwa zangu, moto wangu,
na yeye ndiye anayesema amechoka.

Nilinunua asali ya Chunya na unga wa mizizi;
muuzaji akanikonyeza.
Nikaukoroga kwenye uji.
Anyosisye akanywa, akausifu, akalala.

Bi. Sekela ana chumba juu ya duka la pembejeo.
Harufu ya mbolea hupanda ngazi pamoja nawe.
Viti vitatu, meza hakuna.
Kalenda ilikuwa mkobani mwangu kama shahidi anayesubiri kuitwa;
nilitaka mtu aseme nani kati yetu mgonjwa.
Hakuitazama.
Alimuuliza mume wangu:
"Mkono wake ukikugusa begani, pale jikoni, unasikia nini?"

Ndipo mvua ikashuka,
na mvua ya kwetu haibishi hodi.
Bati likapiga kelele. Nikaona midomo yake ikitembea.
"Umesemaje?"
Akapaza sauti, yeye ambaye hata kwaya huimba besi ya kunong'ona:
"Nimesema kila ukinigusa nasikia kama nadaiwa!"
Naapa muuza mbolea alisikia.

Nadaiwa.
Huko nje anadaiwa kweli:
ada ya Lugano, mkopo wa ushirika,
bati za nyumba ya mama yake
aliyekufa kabla hajalala chini yake hata usiku mmoja.
Sikujua na mimi nimo kwenye daftari.

Bi. Sekela akangoja mvua ipungue.
Akasema kuna anayetaka ndipo asogee,
na kuna anayesogea ndipo atake,
na huyu wa pili hajaharibika,
ila ukimsukuma hukanyaga breki,
nawe ukiona breki unasukuma zaidi.
"Wawili wanaosikia njaa saa ileile," akasema,
"miaka kumi na tisa nimekaa kiti hiki, sijawaona."
Kisha akanigeukia.
"Na wewe, ukimtaka, unataka nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu lile la wazi.
Likatoka jingine:
nataka kujua kama bado nipo.
Sokoni ni Mama Lugano, kanisani Mama Lugano,
na kitandani, taa ikizimwa, Mama Lugano.

Anyosisye akatazama tope la viatu vyake.
"Tusajigwe," akasema.
Hilo nililisikia mara ya kwanza.

Tukapewa kazi: mwezi mzima, lile msilifanye.
Shikaneni mikono, mgongo, nyayo,
mguso usiosubiri malipo.
Nikakasirika. Elfu thelathini, nije niandikiwe mfungo!

Wiki ya kwanza tulilala kama mbao mbili za mlingoti.
Ya pili, nyayo zake, baridi kama maji ya Kiwira,
zikatafuta zangu chini ya blanketi,
zikakaa. Hazikuomba kitu. Hazikukimbia.

Yaliyofuata ni yetu, wala si mengi.
Bado mimi nawahi, yeye anachelewa,
na kungoja kunauma, asikudanganye mtu.
Ila siku hizi akisema "leo hapana"
huniambia mimi. Zamani aliuambia ukuta.

Jana Lugano ameikuta kalenda jikoni, bado iko Mei.
Hizi nukta za nini, mama?
Siku za mvua, nikamwambia, mikono yangu ina unga.
Akafunua Juni, akafunua Julai, weupe mtupu.
"Lakini mama," akasema, "mbona ilinyesha?"